Iweje molekuli zinazogandisha seli ziwe ndizo zinazozisafirisha katika ubongo?

Bint Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwenyeji wa Langoni hapa Lamu, na kwa sasa tunasoma jinsi kiinitete kinavyojengeka tangu wiki za mwanzo za mimba. Katika sura ya mfumo wa neva nimekutana na jambo ambalo kitabu chetu kinalitaja kwa sentensi mbili tatu kisha kinapita. Kinasema kwamba seli nyingi za neva hazizaliwi mahali zitakapofanyia kazi, bali huzaliwa kando ya vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo, kisha husafiri mpaka zikafika kwenye tabaka zao. Hapo hapo kinasema kwamba safari hiyo hutegemea molekuli za kushikiza, yaani zile protini zilizotokeza juu ya utando wa seli ambazo hushikana na seli jirani, au hushika tandiko la protini lililozizunguka seli.

Hapa ndipo ninapokwama. Nijuavyo, kazi ya kitu cha kushikiza ni kukizuia kitu kingine kisiondoke mahali pake. Seli za ngozi hushikana kwa protini za jamii hiyo hiyo, na ngozi haihami. Iweje basi katika ubongo protini hizo ziwe ndizo zinazoisogeza seli? Je, seli hushika kwanza kisha ikaachia, na kama ni hivyo, ni nini kinachoifanya iachie kwa wakati wake? Tena, seli ikishika kupita kiasi, au ikikosa kushika, mtoto huzaliwa na tatizo gani? Swali hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa mimi nitakuja kumhudumia mtoto huyo na mamake.

Namwomba mwenye ujuzi anieleze kwa kirefu.


Maalim wa Barani, Malindi

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nimesomesha biolojia kwa muda mrefu hapa Malindi, na nimefurahi kuona mtu anayekataa kuzimeza kauli mbili zinazopingana kabla hajaonyeshwa zinapopatana.

Tuanze na seli yenyewe. Seli changa ya neva haielei katika maji ikaogelea. Imebanwa pande zote na seli nyingine, na njia yake ya kwenda mbele ni kujivuta. Hutoa mkono mwembamba mbele yake, mkono huo ukashika kitu kilicho imara, kisha nyuzi za aktini na mayosini zilizomo ndani ya seli zikajikaza na kukivuta kiini pamoja na mwili wote. Sasa fikiria nyuzi hizo zikijikaza bila kufungwa kwenye kitu chochote cha nje: seli itajikunyata tu papo hapo ilipo. Molekuli za kushikiza ndizo zinazofunga fundo hilo. Kichwa chao kiko nje, kimeshika jirani au tandiko. Mkia wao uko ndani, umeunganishwa na aktini kupitia protini za kati, ambazo kwa kadherini (jamii inayoshika seli jirani) ni katenini, na kwa integrini (jamii inayoshika tandiko) ni talini na vinkulini. Nguvu inayozaliwa ndani hupita katika fundo hilo ikafika nje, na hapo ndipo mvuto unapogeuka kuwa mwendo.

Mtazame mkwezi anapokwea mnazi. Miguu yake isipolishika gogo atateleza, na akilikumbatia gogo asiachie atabaki palepale mpaka jua lizame. Anapanda kwa sababu mikono hushika juu wakati miguu inapoachia chini, kisha zamu hubadilika.

Katika ubongo, gogo hilo lipo kweli. Mwaka 1972 Pasko Rakic, akichunguza ubongo wa vijusi vya nyani kwa hadubini ya elektroni, alionyesha kwamba seli changa za neva hujiambatisha kwenye nyuzi ndefu za seli za glia, yaani seli zinazozitegemeza za neva, nyuzi zilizonyooka kutoka ukuta wa vyumba vya maji hadi uso wa nje wa ubongo. Seli hupanda uzi huo kwa mwendo wa makumi machache ya mikromita kwa saa, ikafika chini kidogo ya uso, kisha ikauacha. Zinazozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia na kukaa juu yao, na kwa utaratibu huo gamba la ubongo hujengwa kutoka tabaka za ndani kwenda tabaka za nje.

Kuhusu kiasi cha kushika, ushahidi ulio wazi kabisa ulitoka kwenye seli ambazo hata si za neva. Mwaka 1997 Sean Palecek na wenzake walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyoyafanya kwa seli za hamsta zilizokuzwa maabara. Walibadilisha wingi wa integrini juu ya seli, wakabadilisha nguvu ya kila integrini kushika, wakabadilisha pia wingi wa fibronektini, protini ya tandiko, iliyotandazwa chini ya seli. Kila walipobadilisha, matokeo yalifuata mkondo mmoja: seli zilizoshika kidogo mno hazikwenda, zilizoshika sana hazikwenda, na zilizokwenda kwa kasi kubwa zaidi ni zile zilizoshika kwa kiasi cha kati. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kitabu chako kingepaswa kulisema. Kushika na kusogea havipingani; kinachopingana na kusogea ni kushika kusikolegezwa.

Sasa nije kwenye kuachia, kwani hapo ndipo palipo na uhondo. Seli haingoji fundo likatike lenyewe. Njia moja ni kulikata upande wa ndani: kalsiamu ikipanda ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho kalpaini huikata talini, na integrini ikabaki bila kitu cha kuvutia. Njia nyingine, ambayo kwa seli za neva imechunguzwa vizuri sana, ni kuimeza molekuli yenyewe. Kipande cha utando chenye kadherini ya aina ya N hukunjika kuelekea ndani, kikawa kifuko kidogo, kifuko kikasafirishwa ndani ya seli, na kadherini ikarudishwa juu ya utando kutumika tena. Takeshi Kawauchi na wenzake walionyesha mwaka 2010, katika ubongo wa vijusi vya panya, kwamba protini ndogo iitwayo Rab5 inahitajika kwa kumeza, na nyingine iitwayo Rab11 inahitajika kwa kurudisha. Walipoipunguza Rab5, kadherini ilirundikana juu ya seli na seli zikakwama njiani. Walipozipunguzia seli hizo hizo kadherini kidogo, baadhi zikaendelea na safari. Jaribio hilo la pili ndilo linaloniridhisha zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba kilichozikwamisha ni kadherini iliyozidi, si udhaifu mwingine uliosababishwa na kukosa Rab5.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa kazi ya kadherini katika seli inayosafiri, ieleze pamoja na mzunguko wake: kutokeza, kushika, kumezwa, kurudi. Ukitaja kushika peke yake umetaja robo.


Mwana wa Matondoni

Salaam kwa Maalim na kwa dada aliyeuliza. Mimi ni mzaliwa wa Matondoni, nafanya kazi katika maabara mbali na nyumbani, na seli zinazosafiri ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ningependa kuongeza mambo mawili.

La kwanza linahusu ngozi uliyoitaja. Umesema kweli kwamba seli za ngozi na seli za neva hutumia protini za jamii moja, lakini hazitumii aina moja. Kiinitete kinapoanza kutenga bomba la neva kutoka kwenye tabaka la nje, seli zitakazokuwa ngozi hubaki na kadherini ya aina ya E, ilhali zile zitakazokuwa ubongo na uti wa mgongo huiacha na kuanza kutengeneza ile ya aina ya N. Kadherini hupendelea kushikana na za aina yake, hivyo makundi mawili yaliyokuwa shuka moja huachana. Uchaguzi huu ulionekana muda mrefu kabla molekuli zenyewe hazijajulikana. Mwaka 1907 H. V. Wilson alizikamua sifongo hai za baharini kupitia kitambaa cha hariri mpaka zikawa seli mojamoja, akaziona zikikusanyika upya na kujenga sifongo. Mwaka 1955 Townes na Holtfreter walizichanganya seli za viinitete vya amfibia, na seli za ngozi zikajitenga zikakaa nje huku za neva zikikaa ndani, bila mtu kuzipanga. Baadaye Masatoshi Takeichi huko Japani alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kushikana huku huhitaji kalsiamu: iondoe, na seli huachana. Protini alizozitambua ndizo hizi tunazoziita kadherini. Gerald Edelman na wenzake nao waliitambua NCAM, ambayo hushika bila kuhitaji kalsiamu, katika miaka ya 1970.

La pili ni hiyo NCAM, kwa sababu inatoa jibu la namna ya pekee kwa swali lako kuhusu kuachia. Maalim ameeleza kwamba seli inaweza kulikata fundo au kuimeza molekuli. Kuna njia ya tatu: kuiacha molekuli palepale juu ya utando na kuifunika. Seli changa za neva huunganisha kwenye NCAM minyororo mirefu ya sukari yenye chaji hasi, iitwayo asidi ya polisiali. Minyororo hiyo huvuta maji mengi na kuchukua nafasi kubwa, hivyo tando mbili zilizokaribiana husukumwa zikaachana kidogo, na si NCAM peke yake inayolegea bali hata molekuli nyingine zilizo karibu nayo. Seli iliyovaa sukari hii hupita katikati ya wenzake kwa wepesi.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni mkondo wa seli uliomo katika ubongo wa panya, ambao hautulii hata panya akiwa amekomaa. Seli changa huzaliwa kwenye ukuta wa vyumba vya maji, zikasafiri milimita kadhaa kwenda mbele mpaka kwenye tezi la kunusia, na humo zikawa seli za neva kamili. Carlos Lois na Arturo Alvarez-Buylla waliueleza mwendo huo mwaka 1994. Seli hizi hazipandi nyuzi za glia. Hutembea kwa minyororo, kila moja ikiteleza juu ya mgongo wa mwenziwe, na zote zimejaa NCAM yenye asidi ya polisiali. Mwaka huo huo Harold Cremer na wenzake walichapisha habari za panya waliozaliwa bila NCAM kabisa: tezi lao la kunusia lilikuwa dogo, kwa kuwa seli zilizotakiwa kulijaza zilichelewa na kurundikana njiani. Watafiti wengine waliiacha NCAM ilivyo, wakaiondoa sukari peke yake kwa kimeng'enya, na mwendo ukavurugika vilevile. Hapo ikabainika kwamba kilichokosekana ni ule ulegevu.

Kwa mwanadamu mkondo huu upo kwa mtoto mchanga, lakini hufifia sana katika miaka miwili ya mwanzo, na kwa mtu mzima karibu hauonekani. Kwa hiyo tusimchukue panya tukamfanya mtu.

Nitaje jambo moja la pembeni ambalo muuguzi atalikuta kazini. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B, pamoja na aina ya E. coli iitwayo K1 inayowashambulia watoto wachanga, hujifunika kwa ganda la sukari hii hii ya polisiali. Mwili hauioni kama kitu kigeni, kwa kuwa ni sukari iliyo katika ubongo wake wenyewe. Ndiyo maana chanjo ya kundi B haikuweza kutengenezwa kwa ganda la bakteria kama zilivyotengenezwa chanjo za kundi A na C, ikabidi itengenezwe kwa protini.


Tabibu wa Malindi

Nawasalimu nyote. Nimesoma majibu ya Maalim na ya kijana wetu wa Matondoni kwa makini, nami nitajibu lile swali lililomgusa muulizaji, yaani mtoto huzaliwa na nini.

Nianze na utumbo, ingawa wengi hawaufikirii wanaposikia mfumo wa neva. Ukuta wa utumbo una neva zake wenyewe, na seli zilizozijenga zilitoka mbali. Nyingi huanzia kwenye ukingo wa bomba la neva, sehemu ya shingoni, zikaingia kwenye utumbo wa mwanzo katika wiki ya 4 tangu mimba kutungwa na kushuka nao hadi mwisho wa utumbo mpana kufikia wiki ya 7. Huwezi kutaja seli nyingine za neva zinazosafiri mbali kiasi hicho ndani ya kiinitete. Zisipofika mwisho, kipande cha mwisho cha utumbo hubaki bila neva, hakiwezi kulegea kupitisha choo, na sehemu iliyo juu yake hujaa na kutanuka. Huo ndio ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, na humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Kwa kuwa seli huja kutoka juu, kipande kinachokosa neva huanzia sikuzote kwenye njia ya haja kubwa na kupanda. Kwa watoto karibu 8 kati ya 10 hakivuki sehemu ya chini ya utumbo mpana.

Seli hizi husafiri kwa minyororo, na seli iliyojitenga na wenzake huenda kwa shida. Zinashikana kwa molekuli kadhaa, mojawapo ikiwa L1, na katika majaribio ya viinitete vya panya, L1 ikizuiwa mwendo hupungua. Sylvie Dufour na wenzake huko Ufaransa waliiondoa integrini ya beta 1 kwenye seli hizi za panya, wakaona kwamba ziligandana mafungu mafungu, zikashindwa kuufikia mwisho wa utumbo, na panya wakapata hali inayofanana na ugonjwa wa watoto wetu. Zingatia mafungu hayo. Seli zilinyimwa namna moja ya kushika, ile ya kushika tandiko, na matokeo yake zikashikana zenyewe kwa zenyewe kupita kiasi. Mizani baina ya kushika njia na kushika mwenzio ndiyo iliyovurugika.

Hata hivyo ni lazima niweke mpaka. Kwa wanadamu, jeni inayohusika mara nyingi zaidi na ugonjwa huu ni RET, ambayo ni ya kipokezi kinachopokea wito wa kwenda mbele, na si ya molekuli ya kushikiza. Usimwambie mama kwamba mtoto wake amekosa molekuli ya kushikiza. Mwambie kwamba neva za utumbo hazikufika mwisho, na kwamba upasuaji upo: kipande kisicho na neva hukatwa, na sehemu yenye neva huvutwa chini ikaunganishwa, njia iliyoasisiwa na Orvar Swenson mwaka 1948 na kuboreshwa mara nyingi tangu hapo. Kazi yako wewe wodini ni kukumbuka kwamba mtoto aliyetimiza miezi anapaswa kupata choo chake cheusi cha kwanza ndani ya saa 48. Akipitiliza, tumbo likavimba, akatapika matapishi ya kijani, usimpe mama maneno ya kumtuliza, mwite daktari.

L1 yenyewe ina ugonjwa wake. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo waathiriwa ni wavulana karibu wote. Ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na kichwa kilichojaa maji, dole gumba lililokunjika kuelekea kiganjani, miguu iliyokaza, na daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo likiwa halikujengeka. Uhusiano huo uligunduliwa mwaka 1992. Katika familia ambamo wavulana wa upande wa mama wamezaliwa na vichwa vikubwa kizazi baada ya kizazi, uliza na utazame vidole gumba. Wapo hata watoto waliokuwa na kichwa cha maji na ugonjwa wa Hirschsprung kwa pamoja, wakakutwa na L1 iliyoharibika, jambo linaloonyesha kwamba molekuli hii hufanya kazi kichwani na tumboni pia.

Mfano wa tatu haumhusu mtoto mchanga, bali kijana. Seli zinazotoa homoni ya kuanzisha balehe hukaa ndani kabisa ya ubongo, lakini chimbuko lao ni puani. Katika kiinitete hupanda juu ya neva za kunusia, ambazo zina NCAM, mpaka zikaingia ubongoni. Katika ugonjwa wa Kallmann, ulioelezwa mwaka 1944, safari hiyo hukatika. Mwaka 1989 Marlene Schwanzel-Fukuda na wenzake walichunguza kijusi chenye kasoro hii wakazikuta seli hizo zimerundikana puani na juu ya mfupa wenye matundu unaotenganisha pua na ubongo. Ndani ya ubongo hamkuwamo hata moja. Jeni ya kwanza iliyohusishwa na ugonjwa huu, iliyopatikana mwaka 1991, hutengeneza anosmini, protini inayokaa kwenye tandiko la nje ya seli. Mgonjwa ni kijana aliyefika miaka 17 au 18 bila dalili za balehe, na ukimuuliza vizuri atakwambia kwamba hajawahi kunusa harufu ya asumini wala ya udi. Hulijui hilo mpaka uulize, kwa sababu asiyewahi kunusa hana cha kulalamikia. Tiba ya homoni humsaidia sana, na wengi huweza kupata watoto baadaye.


Bint Langoni, Lamu

Shukrani nyingi kwenu, Maalim, kaka wa Matondoni na Daktari. Nimesoma mara mbili, na sasa naona kwamba swali langu lilikuwa limechukulia kushika kuwa ni jambo moja lisilobadilika, ilhali ni jambo linalopimwa na kuhamishwa kila saa.

Naomba ruhusa ya kuongeza maswali mawili. Kitabu changu kinaiweka rilini katika kundi moja na kadherini na integrini. Je, nayo ni ya kushikiza? La pili, tunafundishwa kuwakataza akina mama wajawazito pombe. Huku pwani mnazi hunywewa katika baadhi ya nyumba, na wapo wanaouona kuwa si pombe ya kuogopwa kwa kuwa umetoka mtini. Je, pombe ina uhusiano wowote na molekuli hizi tunazozizungumzia?


Maalim wa Barani, Malindi

Rilini haiko katika kundi hilo, mwanangu. Hutolewa na seli zilizo karibu na uso wa ubongo ikasambaa nje yao, na seli inayopanda huipokea kwa vipokezi vyake. Ni ujumbe. Lakini naelewa kwa nini kitabu kimezichanganya, kwa sababu ujumbe huo huishia kwenye kushika. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba rilini, kwa kupitia protini ndogo iitwayo Rap1, huathiri kadherini ya aina ya N ya seli inayosafiri, na kwa njia hiyo huongoza safari yake. Panya wanaokosa rilini walielezwa na Falconer mwaka 1951 kwa sababu ya kuyumba kwao, miaka zaidi ya 40 kabla jeni haijapatikana mwaka 1995. Tabaka za gamba la ubongo wao zimevurugika, na zinazozaliwa baadaye hushindwa kuzipita zilizotangulia.

Koneksini nayo ina habari ya kushangaza. Ni protini inayojulikana kwa kujenga matundu ya kupitishia chembe ndogo kati ya seli na seli. Mwaka 2007 Laura Elias, Doris Wang na Arnold Kriegstein walionyesha kwamba seli za neva zinazopanda glia huzihitaji koneksini 26 na 43. Tundu lilipozibwa, seli ziliendelea kupanda. Koneksini iliponyimwa uwezo wa kushika, zilikwama. Kwa hiyo usiiamini orodha ya kitabu kwa upande wowote: rilini imewekwa mahali pasipo pake, na koneksini huenda haimo kabisa.


Tabibu wa Malindi

Kuhusu pombe, jibu ni ndiyo, na molekuli inayohusika ni ile ile L1. Michael Charness na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba ethanoli huzuia seli kushikana kwa L1, tena kwa kiwango ambacho hufikiwa katika damu ya mtu aliyekunywa kwa kawaida, si mpaka alewe chakari. Wenye kichwa cha maji kwa kuharibika kwa L1 na watoto wa akina mama waliokunywa pombe nyingi hufanana katika baadhi ya kasoro za ubongo, mojawapo ikiwa daraja la nyuzi kutojengeka vizuri, na mfanano huo ndio uliowaelekeza watafiti huko. Pombe hudhuru kijusi kwa njia nyingi nyingine pia, kwa hiyo usiseme kwamba L1 ndiyo sababu pekee.

Mnazi mbichi huanza kuchacha mara unapotoka kwenye kilele cha mti, na ethanoli iliyomo ni ethanoli ile ile ya chupa. Ninachokuomba ni kuangalia tarehe. Seli za utumbo huanza safari yao katika wiki ya 4, na akina mama wengi huja kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu au wa nne, wakati safari ya utumbo imekwisha na ile ya gamba la ubongo imeshika kasi. Mazungumzo kuhusu pombe yakingojea kliniki ya wajawazito yamechelewa kwa safari ya kwanza. Yaanze kwa wasichana na wanawake wanaokuja kwa uzazi wa mpango, na kwa waliojifungua karibuni, pamoja na nasaha ya foliki asidi ambayo nayo hutakiwa kabla ya mimba. Kwa yule aliyekwisha kunywa kabla hajajua ana mimba, mwambie aache leo, kwani seli za ubongo wa mtoto wake bado zinasafiri kwa miezi kadhaa mbele.